Mawakala wa ajira za Kanada, waambieni vijana kwamba nchi ile ina wenyewe

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu kuhusu makala mlizochapisha juu ya kazi za uuguzi na utunzaji wa wazee nchini Kanada. Mmeeleza vizuri habari za viza, mtihani wa Kiingereza, ada za mawakala na baridi ya Januari. Yote ni kweli, na hiyo baridi mmeipunguza makali. Ila nimezisoma mwanzo hadi mwisho nisione mahali palipotajwa wenyeji wa asili wa nchi ile. Kijana akizimaliza atadhani anakwenda nchi ya Wazungu, basi.

Mimi ni mzaliwa wa Kilifi, na kazi yangu ni muuguzi msaidizi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Winnipeg, mkoa wa Manitoba. Hakuna mji mkubwa Kanada wenye wenyeji wengi kuliko huu. Wapo Waanishinaabe, Wakrii, Wadakota, Wadene, na Wametis ambao asili yao ni mchanganyiko wa wenyeji na wafanyabiashara wa ngozi kutoka Ulaya. Kiongozi wa serikali ya mkoa, Wab Kinew, ambaye chama chake kilishinda uchaguzi wa mwaka 2023, ni Mwanishinaabe. Kuna vijiji vya kaskazini ambavyo havina barabara isipokuwa wakati wa baridi, maziwa yakishaganda magari yakapita juu ya barafu. Mgonjwa wa huko huletwa mjini kwa ndege, na mama mjamzito huletwa siku zake zikikaribia, akakaa peke yake akisubiri kujifungua mbali na mumewe na mama yake. Hao ndio ambao kijana wako, Mhariri, atawaosha, atawageuza kitandani na kuwalisha uji.

Akifika hapa bila kuambiwa kitu, wa kwanza kumfundisha atakuwa mwenzake wa zamu, kwenye chumba cha chai. Somo lenyewe ni fupi. Hao ni walevi. Hao hawalipi kodi. Hao wanapewa pesa za bure na serikali. Nimewasikia Wakenya wenzangu, watu wa dini na wenye adabu zao, wakiyarudia maneno hayo kwa Kiswahili safi, mgonjwa mwenyewe amelala hatua mbili kutoka hapo, kwa kuwa wanajua haelewi.

Nianze na hiyo kodi na hizo pesa za bure. Msamaha wa kodi umo katika Sheria ya Wahindi ya mwaka 1876, na jina hilo serikali haijalibadilisha hadi leo. Unamhusu mtu aliyesajiliwa chini ya sheria hiyo, na kwa sehemu kubwa unagusa mali na mapato yaliyomo ndani ya rizavu, yaani maeneo yaliyotengwa kwa ajili ya wenyeji. Mkrii anayefanya kazi nami mjini hapa anakatwa kodi ya mshahara kama ninavyokatwa mimi. Wametis hawamo kabisa. Kuhusu hizo wanazopewa, ardhi ninayokanyaga nikienda kazini imo katika Mkataba wa Kwanza kati ya wenyeji na serikali, uliotiwa sahihi Lower Fort Garry mwaka 1871. Malipo ya kila mwaka yanayotokana na mkataba huo ni dola 5 kwa mtu. Si dola 5 kwa siku wala kwa wiki. Ni dola 5 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa miaka ya 1870 na hakijapanda tangu hapo. Kila mwaka maofisa wa serikali huweka meza wakagawa noti hizo, watu wakapanga foleni. Mtu akiniambia hao wanakula vya bure, huwa namuuliza yeye analipa shilingi ngapi kwa Winnipeg nzima.

Sasa nifikie hasa kilichonifanya nishike kalamu. Zipo programu za mafunzo zinazoendeshwa na wenyeji wenyewe, za kumfundisha kila anayehudumia umma, awe daktari, askari, mwalimu au karani, namna ya kumhudumia mwenyeji bila kumdhalilisha. Huku zinaitwa mafunzo ya usalama wa kitamaduni. Chanzo chake ni New Zealand, ambako muuguzi wa Kimaori, Irihapeti Ramsden, pamoja na wenzake walipigania jambo hilo mwishoni mwa miaka ya 1980, hadi mwaka 1992 Baraza la Wauguzi la nchi hiyo likaliingiza katika mafunzo ya uuguzi. Wapo waliopiga kelele magazetini kwamba wauguzi wanalishwa siasa. Hoja ya Ramsden ilikuwa nzito na bado ni nzito: muuguzi hatakiwi kukariri mila za watu kama orodha ya dawa, anatakiwa ajichunguze yeye mwenyewe na mamlaka aliyonayo juu ya mtu aliyelala kitandani. Na mwenye kusema kama huduma ilikuwa salama ni yule aliyehudumiwa.

Hapa kwetu mwajiri alitupeleka katika mafunzo ya namna hiyo. Waliotufundisha walikuwa mama mmoja wa Kianishinaabe na mzee mmoja wa Kikrii. Kabla ya neno lolote yule mama alimpa mzee tumbaku kidogo iliyofungwa katika kitambaa, kwa kuwa mzee haombwi elimu mikono mitupu. Kisha mzee akawasha majani makavu ndani ya kombe la chaza, akapita kwa kila mtu, na aliyetaka akajivutia moshi kichwani na kifuani. Waliokulia pwani walielewa upesi kuliko wengine, maana chetezo hatukukiona Winnipeg. Jirani yangu mmoja wa kutoka bara alijisogeza nyuma na kiti chake. Hakuna aliyemlazimisha wala kumkodolea macho.

Halafu yakaja mablanketi. Zoezi hili limekuwapo Kanada tangu miaka ya 1990 na makanisa yalichangia kulianzisha. Mnavua viatu, yanatandikwa mablanketi sakafu nzima, mnaambiwa hiyo ndiyo nchi kabla ya meli kufika, tembeeni, salimianeni. Kisha inasomwa historia kwa mwaka, na kila sheria inaposomwa blanketi fulani linakunjwa au linaondolewa. Mwenye kadi ya rangi fulani anatoka: ndui imemchukua. Mwingine anatoka: njaa. Wawili watatu wanapelekwa kwenye blanketi la pembeni peke yao, hao ni watoto wa wenyeji waliochukuliwa kwenda shule za bweni za serikali na makanisa, zilizowekwa kuwaondolea lugha na mila zao. Baadaye wanaambiwa warudi nyumbani, na sisi tuliobaki tunaambiwa tuwape mgongo, kwa sababu wamerudi hawajui lugha na hakuna anayewatambua. Nilisimama na blanketi lililobaki upana wa gazeti hili, mguu mmoja juu ya mwingine, nikimpa mgongo dada mmoja Mfilipino ninayefanya naye zamu za usiku. Alikuwa akilia kwelikweli.

Tulipokaa duara kuzungumza, Mkenya mwenzangu aliuliza swali ambalo wengi wetu tulikuwa nalo kooni. Alisema kwa heshima: mimi ni Mwafrika, babu yangu alinyang'anywa shamba na Mwingereza huyohuyo, hapa kazini naitwa majina, kuna wazee wasiotaka mkono mweusi uwaguse, haya ya nani alimtesa nani Kanada yananihusu nini? Wazungu waliokuwamo waliangalia chini. Yule mama hakukasirika. Alimuuliza asubuhi ile alikuwa amewahudumia akina nani. Akataja vyumba vyake, na katika hivyo vitatu vilikuwa vya wenyeji. Mama akamuuliza kama wanaweza kukataa akiwashika. Akafikiri, akasema wanaweza kukataa, lakini itaandikwa. "Basi ni hapo," mama akasema, akaenda kwa mtu mwingine.

Hapo kwenye "itaandikwa" nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo ilipo kazi yetu. Tulikuwa na bibi mmoja (nimebadilisha mambo madogo asitambulike) ambaye kwenye faili lake iliandikwa kwamba ni mkorofi, anapiga wahudumu, anakataa kuogeshwa. Alikuwa akificha vipande vya mkate chini ya mto na ndani ya soksi. Kila zamu ilimpokea kutoka kwa zamu iliyotangulia kama mtu mkorofi, na zamu inayofuata ikaja imejiandaa kwa ugomvi. Bibi huyo alisoma shule ya bweni. Katika shule hizo mtoto aliyefika alivuliwa nguo zake, akakatwa nywele, na wengi wamesimulia walivyomwagiwa mafuta ya taa kichwani kuua chawa. Njaa ilikuwa ya kila siku. Watoto zaidi ya 150,000 walipitishwa humo kwa zaidi ya miaka mia, wengi kwa nguvu ya sheria, na shule za mwisho zilifungwa miaka ya 1990, kwa hiyo msidhani ni habari za kale. Vifo zaidi ya 4,000 vya watoto vimeshathibitishwa. Sasa fikiria mzee wa miaka themanini na kitu, akili imeanza kurudi utotoni, anaamka anakuta watu wawili waliovaa sare wamemfunua shuka, mmoja ameshika taulo na mwingine anamgusa kichwa.

Tulichobadilisha hakikuhitaji senti moja. Anaingia mtu mmoja, si wawili. Anakaa kwanza. Nywele haziguswi mpaka yeye ashike kitana mwenyewe au akipe mkono wako. Mkate tuliacha kumnyang'anya. Tulimwekea kikopo chenye mfuniko karibu na kitanda ili usiingie sisimizi, kila jioni tukabadilisha uliochacha. Sitadanganya kwamba aligeuka malaika. Zipo siku alinipiga. Lakini faili lilibadilika, na wahudumu wapya walisoma maelezo badala ya tusi.

Wapo watakaosema hayo angeweza kuyafundisha muuguzi yeyote mwenye uzoefu. Sikubali. Mzungu mwenye shahada tatu angetusomea takwimu za shule za bweni, tungeandika, tungekula sandwichi, tungekwenda zetu. Yule mzee wa Kikrii alituambia yeye mwenyewe hapendi kwenda hospitali, na akatueleza kitu gani hasa humfanya ageuke mlangoni: ni pale anapoulizwa amekunywa nini kabla hajaulizwa anaumwa wapi. Na aliposema, kila mmoja wetu chumbani alijua ameshawahi kulisikia swali hilo likiulizwa.

Swali hilo limeua. Mwezi wa Septemba mwaka 2008, hapahapa Winnipeg, Brian Sinclair, mwenyeji wa miaka 45 aliyekatwa miguu yote miwili, alifika idara ya dharura ya hospitali ya Health Sciences Centre kwa kiti cha magurudumu, ametumwa na kliniki kwa sababu mrija wake wa mkojo ulikuwa umeziba. Alikaa saa 34 katika chumba cha kusubiria. Alitapika. Watu waliokuwa wakisubiri pale waliwaambia wahudumu. Alikufa palepale kwenye kiti kwa maambukizi yanayotibika, na uchunguzi ukasikia kwamba wahudumu walidhani ni mlevi au mtu asiye na makazi aliyeingia kujipumzisha. Tarehe 28 Septemba 2020, mkoani Quebec, Joyce Echaquan, mwenyeji wa kabila la Waatikamekw, mama wa watoto saba, alijirekodi moja kwa moja kwenye Facebook akiwa kitandani katika hospitali ya Joliette, wahudumu wakimtukana. Alikufa siku hiyohiyo. Mchunguzi wa vifo alisema wazi kwamba ubaguzi ulichangia kifo chake. Naomba wasomaji watambue kwamba waliokuwa wakimtukana hawakuwa majambazi. Walikuwa watu wa kazi yangu, wenye vyeti, kwenye zamu.

Siyo kila mafunzo yana maana, na hapa lazima niwe mkweli kwa waajiri. Baada ya kifo cha Joyce, serikali ya Quebec iliwaagiza wafanyakazi wa afya wasome somo la mtandaoni, na wenyeji wenyewe wakalilalamikia kwamba halikutengenezwa nao ipasavyo. Mimi nimeyaona masomo ya aina hiyo: unabofya, unabofya, unajibu maswali kumi yanayojijibu yenyewe, unapata cheti cha kuchapisha. Mtu anabofya huku anakunywa supu. Tofautisha na San'yas, programu iliyoanzia British Columbia na inayoongozwa na wenyeji: nayo iko mtandaoni, lakini kuna mwezeshaji anayesoma ulichoandika na kukujibu, na ukiandika upuuzi unaulizwa kwa nini unafikiri hivyo. Ubaya mwingine ni kwamba waajiri wanapenda mafunzo ya siku moja, kisha hakuna kinachofuata. Hakuna anayeuliza baada ya miezi sita kama faili bado zinaandikwa "mkorofi". Na wale wakufunzi wanachoka. Kila wiki mtu kama yule mzee anafunua jeraha lake mbele ya watu wasiomjua, baadhi wakiangalia simu. Alipwe, na alipwe vizuri, maana wapo waajiri wanaodhani kikombe cha kahawa kinatosha.

Turudi kwa watu wetu. Najua hoja ya mwenzangu ina uzito, na siidharau. Ubaguzi dhidi yetu upo na nimeuonja. Lakini sisi Wakenya ndio tungeelewa haraka kuliko wote. Babu zetu waliwekwa kwenye rizavu, wakavaa kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, shingoni, na bila kipande huendi kutafuta kazi. Hapa Kanada, tangu mwaka 1885, mwenyeji wa maeneo ya nyika alihitaji pasi ya ofisa wa serikali ili atoke kwenye rizavu yake, hata kama anakwenda kumwona mtoto wake shuleni, na pasi hiyo haikuwa na msingi wowote katika sheria. Mwaka huohuo zilianza kupigwa marufuku sherehe za ugawaji mali za watu wa pwani ya magharibi, marufuku iliyodumu hadi mwaka 1951. Anayeijua Kenya ya mkoloni hahitaji mablanketi mengi kuyaelewa haya. Kinachomzuia ni kwamba akifika anataka kujiweka upande wa wenye nchi, na njia rahisi ya kujiweka upande huo ni kucheka wanapocheka.

Tena jambo hili si hiari ya moyo tu. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, iliyochunguza habari za shule hizo za bweni, ilitoa miito 94 ya kuchukua hatua mwaka 2015. Wito wa 24 unataka kila mwanafunzi wa udaktari na uuguzi asome historia ya shule za bweni na afya ya wenyeji, na wa 57 unataka watumishi wa serikali wafundishwe. Miwili ya mwisho, 93 na 94, inatuhusu sisi wahamiaji moja kwa moja: tuelezwe habari za wenyeji na mikataba yao, na kiapo cha uraia kibadilishwe. Kiapo kilibadilishwa mwaka 2021. Sasa anayeapa anaahidi kufuata sheria za Kanada pamoja na Katiba inayozitambua haki za wenyeji na za mikataba. Nimewaona watu wetu wakiapa, mkono juu, wamevaa kitenge kipya, halafu nje ya ukumbi, kabla picha hazijaisha, mmoja anasema wale wanaoomba senti kwenye kituo cha basi waondolewe mjini.

Kwa hiyo, Mhariri, ninachoomba ni hiki. Mawakala wanaowatoza vijana maelfu ya shilingi kwa semina ya namna ya kujibu maswali ya ubalozi watenge nusu siku ya jambo hili, na wasimtume Mkenya aliyewahi kuishi Toronto kuja kulieleza. Wamlipe mwenyeji azungumze kwa video. Wapo wanaofanya kazi hiyo na wanajua bei yao. Vyuo vyetu vya uuguzi vinavyojivunia idadi ya wahitimu wanaokwenda nje vifanye vivyo hivyo. Vyama vya Wakenya huku Kanada, ambavyo kila Jamhuri vinakodi ukumbi na mpiga muziki, vinaweza kumwalika mzee wa mahali hapo, vikamletea tumbaku na bahasha yake, na vikampa kipaza sauti kabla ya chakula badala ya baada, watu wakiwa bado wanasikiliza.

Na gazeti lako likiandika tena kuhusu kazi za Kanada, liwaambie wasomaji kwamba miito hiyo ya Tume inapatikana bure mtandaoni. Ya afya ni kuanzia 18 hadi 24. Ni kurasa chache tu. Mtu anaweza kuzimaliza akisubiri ndege pale Nairobi.

Ni mimi,
Muuguzi msaidizi, Winnipeg
(Jina nimelihifadhi kwa ajili ya wagonjwa wangu)